Somo: Mteja wa mtandaoni azoeane na wewe kabla hajanunua

Habari za asubuhi, wanakikundi. Wengi wetu hapa Mtwara tunauza korosho zilizobanguliwa, na kurasa zetu zinafanana: picha ya pakiti, "karibuni wateja", basi. Tujaribu hivi.

1. Taja bei hadharani. Mtu akiuliza "bei gani?" usimwambie "njoo DM" (yaani akuandikie ujumbe wa faragha). Wengi hawaji, wanahisi bei inapangwa kwa kumwangalia mtu. Andika bei ya kilo, na gharama ya kusafirisha mpaka Dar.

2. Onyesha kazi. Hapa ndipo penye utajiri wetu. Mteja wa Dodoma hajui kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayounguza vidole, wala kwamba ukishabangua bado kuna kukausha na kumenya ile ngozi nyembamba bila kuvunja punje. Rekodi video fupi, sauti za akina mama wakibangua zisikike (waombe ruhusa kwanza, tafadhali). Msimu ukianza, mwezi wa 10, onyesha mabibo mekundu na ya njano chini ya mkorosho. Video yangu ya mabibo ilileta maswali kuliko tangazo langu lolote, nami nilikesha nikiyajibu moja moja.

3. Ukikosea, sema mapema. Mwaka jana nilifunga mzigo punje hazijapoa, zikafika zimelainika. Nilimpigia kila aliyenunua, nikatuma nyingine kwa gharama yangu. Mmoja wao hadi leo ananiletea wenzake wa kazini.

MASWALI

Mwanachama, Nachingwea: Dada, nauza ufuta, nina wafuasi 90 tu. Ninunue wengine?

Jibu: Usinunue, ndugu yangu. Hao hawataagiza hata kilo moja. Waulize hao 90 ufuta wanautumia kwenye nini, kisha weka majibu yao ukurasani.

Mwanachama, Masasi: Nikituma tangazo WhatsApp kwa wengi, baadhi hawalipati.

Jibu: Orodha ya matangazo humfikia tu aliyehifadhi namba yako, na orodha moja mwisho watu 256. Mwombe aihifadhi siku anapopokea mzigo, akiwa na furaha nao.

Mwanachama, Lindi mjini: Mtu akinisema vibaya kwenye komenti, nifute?

Jibu: Tusi lifute. Lawama iache, mjibu palepale, mwambie utakachofanya na lini. Ukishakifanya, rudi hapohapo uandike.