Kabla hujanunua kifaa cha kuonea usiku

Ukipenda kutazama wanyama magharibi ikiingia, kama viboko wanaotoka majini kule Dunga, Kisumu, au nyati karibu na kambi ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, usikimbilie kifaa cha usiku cha bei kali. Anza na darubini ya kawaida, ila usome namba zake vizuri. 7x50 maana yake inakuza mara 7, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 50. Gawanya 50 kwa 7: unapata kama milimita 7, na huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Zile ndogo za mfukoni, 10x25, zinakupa 2.5 tu. Giza likianza, hizo hazifai kitu. Kama umri umesonga, mboni haifunguki sana kama zamani, kwa hiyo 8x42 inatosha, tena ni nyepesi shingoni.

Ukiamua bado unataka cha infraredi, yaani kinachomulika kwa mwanga ambao jicho halioni vizuri, muulize muuzaji taa yake ni nanomita ngapi (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Ya 850 inamulika mbali zaidi lakini taa yenyewe huonekana nyekundu hafifu. Ya 940 haionekani, ila haifiki mbali. Kamera ya joto, ile inayoona joto la mwili wa mnyama, nayo haioni kupitia kioo cha gari. Itakubidi ushushe dirisha, na penye simba sishauri kabisa.

Kiboko akishapanda malishoni, usisimame kamwe kati yake na maji.