Kiumbe kutoka angani, simu moja na mawe ya Goma: namna ya kutengeneza filamu ya kutisha kwa mfuko mdogo

Vijana wanaotaka kupiga filamu ya namna hii huniuliza kwanza kiumbe atavaa nini. Nguo yake ni kazi ya juma la tatu. Juma la kwanza ni la kuamua anaishi vipi, maana hapo ndipo utajua unahitaji pesa ngapi. Sisi tulikuwa watu sita, simu moja na dola 200.

Hatua ya 1: Mpe sheria moja, uishike mpaka mwisho

Sheria yetu tuliikuta nyumbani. Aliyekulia Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo chini ya volkano ya Nyiragongo, ameonywa kuhusu mazuku, upepo mbaya unaolala mashimoni magharibi ya mji, kuelekea Sake. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujaa mabondeni usiku upepo ukitulia. Asubuhi mbuzi anakutwa amelala pale, amekufa, hana hata jeraha.

Tukajiuliza: itakuwaje akija anayepumua kile kinachotuua? Basi kiumbe wetu hewa yetu inamuunguza. Hutembea alfajiri tu, tena mabondeni tu, na upepo ukivuma hana budi kurudi shimoni.

Sheria hiyo ilituandikia senario. Mchana haonekani, kwa hiyo hatukuhangaika na nguo inayostahimili jua. Hatari tuliionyesha kwa kitenge kilichoanikwa kwenye kamba. Kikipepea, familia iko salama. Halafu kuna picha moja ambamo kitenge kinapepea kidogo, kinapunguza, kisha kinaning'inia wima, hakitikisiki. Kiumbe hayumo kabisa katika picha hiyo, lakini tulipoionyesha filamu mara ya kwanza, hapo ndipo ukumbi mzima ulinyamaza.

Sasa nisikilize vizuri: usishuke kwenye mazuku ya kweli, hata kwa dakika moja, hata ukiambiwa leo hakuna kitu. Mtu huanguka kabla hajatambua, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Shimo letu lilikuwa uwanja wa mawe ya lava ulioinuka, wenye upepo wa kutosha. Tulilaza simu chini kabisa, nyuma ya jiwe, na kile kijiwe kikawa ukingo wa korongo.

Hatua ya 2: Waambie watu

Mji huu umekimbia mara nyingi. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mei 2021 ikashuka tena hadi Buhene, pembezoni mwa mji. Na vita mnavijua. Kelele ya usiku huku si mchezo.

Tulimwarifu mkubwa wa nyumba kumi, tukasahau barabara ya nyuma. Saa kumi na moja alfajiri mama mmoja akaja na bidoni yake ya maji, akamwona mwigizaji wetu anatambaa juu ya mawe. Bidoni ilianguka, naye akakimbia akiita watoto wake. Tulimfuata mpaka kwake.
“Mama, utusamehe, tulikuwa tunapiga filamu.”
“Filamu? Mwanangu, mimi nilikimbia 2021 na mtoto mgongoni.”
Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo tunapita mlango kwa mlango, barabara zote za karibu, na mayowe yote tunayarekodi ndani, godoro likiwa limeziba dirisha. Silaha za bandia hatubebi nje kabisa.

Hatua ya 3: Mwili

Nunua mipira ya ndani ya matairi iliyochakaa kwa mafundi wa kuziba matairi. Ikate vipande virefu, uvishone juu ya nguo ya kubana. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuiacha nyeusi: juu ya mawe meusi kiumbe alipotea kabisa. Mpake majivu yaliyochanganywa na gundi kwenye mgongo na viwiko, sehemu zinazoshika mwanga.

Ute wake ni amidoni, yaani wanga, ile ya kupigia nguo pasi. Unga wa fufu hauwezi, unatoka mzito na mweupe. Koroga amidoni kwenye maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, na ghafla utaona weupe unaondoka, inakuwa angavu na inavutika kama kamasi. Iache ipoe, ongeza gliserini ya famasi isikauke upesi. Mpake begani na kidevuni tu.

Mwigizaji asikae ndani ya mpira zaidi ya dakika kumi. Mfungulie, mpe maji, apumzike.

Hatua ya 4: Kamera

Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, ukienda kinyume taa zitapepesa kwenye picha. Funga kipimo cha mwanga na fokasi kwenye simu, visibadilike vyenyewe. Tochi ikae nyuma ya kiumbe, kamwe isiwe mbele.

Hatua ya 5: Sauti

Hapa usifanye haraka. Kiumbe wetu watu wanamjua kwa masikio. Pumzi yake ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: tulirekodi gurudumu la mbao likilia kwenye mteremko, likiwa na magunia ya viazi juu, tukapunguza kasi nusu. Sauti ikashuka oktava nzima, na ule mlio ukawa kifua kinachovuta hewa kwa shida. Hatua zake ni mawe mawili ya lava yanayosuguana. Mwito wake ni mbuzi, naye kwa nusu ya kasi.

Sauti hizi ziweke kwenye montaji, unapounganisha picha, kabla hujaweka muziki wowote. Kisha mwite mtu ambaye hakuwepo siku za kupiga, mzimie kioo, mchezeshee sauti peke yake, na umwambie anyooshe kidole kila anaposikia kiumbe amesogea. Pale kidole kinaposita, rudi ukarekodi upya.