Malakaiti grini ni rangi ya maabara, usiitie kwenye maji ya samaki

Ndugu mfugaji wa Bagamoyo unayetotolesha kambale mwenyewe, mayai yakiota manyoya meupe kama pamba usikimbilie dawa ya kijani.

Rangi hiyo, malakaiti grini, inaua ukungu kweli, na watotoleshaji wa nchi nyingi waliitegemea miaka mingi. Lakini ni sumu inayovuruga upumuaji ndani ya seli, ziwe za ukungu au za samaki. Ikiingia mwilini mwa samaki hugeuka kuwa kitu kisicho na rangi kinachojificha kwenye mafuta. Minofu utaiona myeupe, safi, kumbe mabaki yamo, na kukaanga hakuyamalizi. Panya jike waliolishwa mabaki ya aina hiyo walionyesha dalili za uvimbe wa ini. Mwaka 2008 wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) walikataa kuunga mkono matumizi yake kwa wanyama wa chakula. Huyo samaki ndiye unayemlisha mwanao.

Mahali pa rangi hii ni maabara. Bakteria wa kimeta, kwa mfano, hutengeneza spora, yaani chembe ngumu za kujihifadhi, zinazodumu udongoni miaka mingi. Mtaalamu hupaka sampuli kwenye kioo, huifunika kwa rangi hii na kuipasha kwa mvuke dakika 5 hivi, maana bila joto haipenyi. Husuuza kwa maji, kisha huweka rangi nyekundu iitwayo safranini. Kwenye hadubini spora huonekana za kijani, seli zilizobaki nyekundu. Hata yeye huvaa glovu.

Wewe anza na usafi. Ukungu huanzia kwenye mayai yaliyokufa, hivyo yafyonze kwa mrija mwembamba kila unapoyaona, na maji yatiririke muda wote. Kambale huangua ndani ya siku moja hadi mbili kwa joto letu la pwani. Vifaranga wakitoka, ondoa maganda papo hapo.

Samaki mkubwa mwenye ukungu mwogeshe kwenye chumvi: gramu 10 kwa kila lita ya maji, dakika 10. Jaribu wachache kwanza, usibanduke kwenye ndoo. Akilala ubavu, mrudishe kwenye maji safi mara moja.

Usipoona nafuu, mwite afisa uvuvi au uliza chuo cha uvuvi Mbegani. Mpeleke samaki mgonjwa akiwa hai, ndani ya maji ya bwawa lake. Aliyekufa tangu jana hatawasaidia kujua ugonjwa.