Pampu ya dhahabu mtoni ndani ya msitu wa umma: namna ya kukagua ripoti ya mazingira

Somo hili ni la wanachama wa vyama vya jamii vya msitu na vya watumiaji maji kando ya mito ya Isiukhu na Yala, magharibi mwa Kenya, na pia la wachimbaji wanaotaka ombi lao la kibali, pamoja na ripoti yake ya mazingira, lisirudishwe. Linahusu mashine moja: pampu ya petroli inayofyonza mchanga na changarawe kutoka sakafu ya mto, ikavipitisha kwenye sanduku lenye vizuizi na zulia la kunasa dhahabu, kisha ikarudisha maji na tope mtoni.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Ukiandika "tunapinga, mto utaharibika", utajibiwa kwa sentensi moja. Ukiandika namba uliyoipima mwenyewe, itabidi mwenye ripoti alete yake. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kupima, na kupima kunafanyika kabla injini haijawashwa. Baadaye utakuwa umechelewa, maana hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Hatua ya 1: Jua ombi limeangukia wapi

Omba viwianishi vya GPS vya mwanzo na mwisho wa kipande cha mto kinachoombwa, kisha uviweke kwenye ramani. Upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, Buyangu na Kisere, ni hifadhi ya taifa chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Sehemu kubwa iliyobaki iko chini ya KFS, shirika la misitu. Ripoti inayosema "msitu wa Kakamega" bila viwianishi haijasema kitu.

Kibali kimoja hakifuti kingine. Sheria ya Madini ya 2016 inampa mchimbaji mdogo haki ya madini, haimpi ruhusa ya kuingia msituni. Sheria ya Misitu ya 2016 inataka tathmini huru ya athari kwa mazingira na dhamana ya kurekebisha eneo, na inaangalia kama mahali pana viumbe walio hatarini au miti na vichaka vya heshima kwa jamii. Sheria ya mazingira ya 1999 (EMCA), kifungu cha 42, inakataza kuchimba au kuvuruga sakafu ya mto bila idhini. Mamlaka ya maji, WRA, nayo ina vibali vyake.

Hatua ya 2: Soma ukurasa wa mashine kabla ya kurasa nyingine zote

Ripoti nyingi huanza na kurasa za hali ya hewa na idadi ya watu. Ziruke kwanza. Tafuta kipenyo cha mdomo wa bomba, nguvu ya injini, saa za kazi kwa siku, miezi ya kazi, kina cha kuchimba na idadi ya pampu. Kimoja kikikosekana, hilo ni swali lako la kwanza la maandishi.

Neno "ndogo" lisikupumbaze. Bomba la inchi 4 lina mdomo mkubwa mara nne kuliko la inchi 2, si mara mbili. Huko Idaho, Marekani, ambako mashine hizi zimefanyiwa kazi miaka mingi kwenye mito ya misitu ya umma, kibali cha jumla cha pampu ndogo kiliweka mpaka wa inchi 5 na nguvu ya farasi 15, na tope lisionekane zaidi ya futi 500 chini ya mashine, yaani takriban mita 150. Sheria hiyo si ya Kenya, lakini inafaa kuulizia: kama ombi la hapa halina mpaka wowote wa namna hiyo, kwa nini?

Hatua ya 3: Pima mto

Vifaa: kamba ya mita 20, rula ndefu, saa ya simu, chungwa, chupa safi za lita 1, ndoo ya lita 20, chekecheo na chupa ya kioo yenye mdomo mpana.

Mtiririko kwanza. Chagua mahali paliponyooka, pima upana, pima kina sehemu tano na utafute wastani. Pima mita 10 kando ya mto, tupa chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza na uhesabu sekunde mpaka alama ya pili. Rudia mara tatu. Chungwa linafaa kwa sababu sehemu kubwa hukaa ndani ya maji, upepo haulisukumi. Zidisha upana kwa kina kwa kasi, kisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Mfano: upana mita 4, kina mita 0.4, chungwa limechukua sekunde 27. Jibu ni takriban mita za ujazo 0.5 kwa sekunde.

Kisha sampuli za maji: moja mita 50 juu ya eneo, moja mita 50 chini, moja mita 150 chini, na moja mahali watu wanapochota. Anza na ya chini kabisa ukipanda. Ukianza juu, miguu yako itatibua maji utakayopima baadaye, na hapo ndipo sampuli nyingi huharibika. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya mto, elekeza mdomo kule maji yanakotoka, simama nyuma ya chupa. Andika tarehe, saa na kama mvua ilinyesha jana. Weka kwenye baridi na uzifikishe maabara ndani ya siku chache, ukiomba kipimo cha chembe zinazoelea.

Mwisho sakafu yenyewe. Jaza ndoo ya lita 20 kwa changarawe ya mahali panapoombwa, uichekeche. Tuseme lita 14 zimebaki kwenye chekecheo na lita 6 zimepita. Chukua zile zilizopita, jaza theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji na sabuni kidogo ya unga, tikisa sana, weka mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, weka alama. Kinachotua baada ya hapo, mpaka kesho yake, ni tope laini. Likiwa theluthi moja ya vyote vilivyotua, basi lita 2 kati ya 20, au asilimia 10 ya sakafu, ni tope.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ambayo ripoti haikufanya

Tuseme pampu inachimba shimo la mita 3 kwa 2, kina mita 1.5, kwa siku ya saa 8. Hizo ni mita za ujazo 9, kama tani 14.4. Asilimia 10 ni kilo 1,440 za tope laini. Kwa saa 8 mto wetu wa mfano unapitisha lita milioni 14.4. Gawanya: miligramu 100 kwa kila lita, juu ya zile zilizokuwamo tayari. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka chanzo cha maji ya nyumbani kisizidi miligramu 30 kwa lita.

Hapo ni pampu moja. Maombi matano ya kipande hichohicho, kila moja na ripoti yake inayosema "athari ni ndogo", ni miligramu 500. Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa ripoti za miradi midogo ulipo, na hapa ndipo maoni yako yakae zaidi. Dai jedwali la pampu zote zilizopo na zilizoombwa juu na chini ya mahali hapo.

Angalia pia majira. Ripoti zikisema "tutachimba kiangazi tu" zinataka kuonyesha zinawajali samaki, na ni kweli ningu hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Lakini Desemba mpaka Februari maji ni machache, kwa hiyo tope lilelile linakuwa zito zaidi kwa anayechota na kwa ng'ombe. Majira ya kiangazi yanahitaji saa chache na pampu chache, si ruhusa pana zaidi.

Hatua ya 5: Zebaki ya zamani

Watu wameosha dhahabu kwenye mito hii tangu miaka ya 1930, na zebaki imetumika sana magharibi mwa Kenya. Ni nzito, hujificha kwenye nyufa za mwamba na chini ya mawe makubwa, mahali palepale dhahabu inapokaa na pampu inapofuata. Jaribio la California lililochapishwa 2005 lilionyesha sanduku la pampu linanasa takriban asilimia 98 ya zebaki. Iliyobaki hutoka imesagika vumbi jembamba linaloelea mbali, na ikifika kwenye matope yasiyo na hewa, bakteria huigeuza kuwa aina inayojikusanya kwenye samaki. Dai sampuli za tope laini la nyuma ya mawe, zilizopimwa kabla ya leseni. Kipimo cha maji peke yake hakitoshi, maana zebaki nyingi haikai majini.

Hatua ya 6: Peleka maoni

Andika ukurasa mmoja au miwili: namba zako, jinsi ulivyopima, unachotaka kiongezwe kwenye masharti. Peleka ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya mazingira inayotoa leseni, nakala yako ipigwe muhuri. Leseni ikitolewa na hukuridhika, rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ina siku 60.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Shinyalu: Mwalimu, sisi tunaosha kwa karai tu. Nasi tunahitaji haya yote?*

Karai haliwezi kulinganishwa na pampu, lakini kifungu cha 42 hakisemi "isipokuwa kifaa kidogo". Ulizeni ofisi ya kaunti kwa barua, kama kikundi. Na tafadhalini msichimbe ukingo. Udongo wa ukingo karibu wote ni laini, na mizizi ikikatwa mto huanza kula shamba la mtu. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zililinda mita 6 hadi 30 kila upande.

*Mwanachama, Ikolomani: Ripoti inasema tope linatulia ndani ya mita 30. Inawezekana?*

Kwa mchanga, ndiyo. Chembe ya milimita 0.1 huzama sentimita 40 chini ya dakika moja. Ya milimita 0.01 huchukua zaidi ya saa nzima hata maji yakiwa yametulia, na udongo wa mfinyanzi zaidi ya siku. Waulizeni walipima chembe za ukubwa gani.

*Dada wa kikundi cha akina mama, Khayega: Tukitumia ritoti, shida ya zebaki imeisha?*

Dada, ritoti, yaani chombo kilichofungwa cha kuchomea, inanasa mvuke wa zebaki wakati wa kuchoma donge la dhahabu na zebaki, na inalinda mapafu yenu na ya watoto. Itumieni. Ila haigusi zebaki iliyomwagika wakati wa kuosha, wala ile iliyolala mtoni tangu zamani.

*Mwanachama, Nyatike: Kwetu Migori mto umeshachafuka. Tupime nini tena?*

Pimeni juu ya machimbo yote, halafu chini. Uchafu uliopo si sababu ya kuruhusu zaidi. Unamaanisha sakafu ina vitu vingi vya kutibuliwa. Kama kuna mabaki ya mchanga yanayooshwa kwa sianidi karibu na kingo, dai nayo ipimwe.

*Mzee wa kijiji, mpakani mwa msitu: Wanasema mkutano ulifanyika, lakini majina kwenye orodha hatuyajui.*

Mzee, kwa utafiti kamili wa athari kwa mazingira, kanuni za 2003 zinataka angalau mikutano mitatu na watu wanaoathirika, pamoja na matangazo ya gazeti na redio kwa wiki mbili mfululizo. Linganisheni orodha na wakazi wa kando ya mto, andikeni majina yasiyojulikana, na chifu athibitishe kwa barua. Hiyo barua iambatanishwe na maoni.

*Mchimbaji, Bushiangala: Mashimo yanazibwa vipi, na nani anahakikisha?*

Mawe makubwa yawekwe kando yanapotolewa, yarudi chini kwanza, changarawe juu yake, siku hiyohiyo. Shimo la mita 1.5 lililoachwa wazi ni hatari kwa mtoto anayechota maji. Kabla ya kazi, pigeni picha kipande chote kila mita 20 mkiwa na fimbo yenye alama za sentimita. KFS inaposhika dhamana ya kurekebisha, picha hizo ndizo zitakazoamua kama fedha zinarudishwa au zinabaki.