Kupaka upya makabati ya zamani: anza na rangi iliyopo, si unayoitaka

Wengi wakinipigia simu kuhusu kabati la jikoni huanza na "fundi, nataka nyeupe" au "nataka ile kijivu ya kisasa". Sawa, tutafika huko. Kitakachoamua kama rangi itakaa au itabanduka ni kile kilichopo juu ya mbao sasa hivi. Juzi nilikuwa kwa jirani huku Kitangiri, Mwanza, tukihangaika na kabati lake la vyombo, ndipo nikaona bora niandike.

Hatua ya 1: Fungua

Toa milango, droo, vitasa. Andika namba ya kila mlango kwa penseli pale bawaba inapokaa.

Hatua ya 2: Jua kuna nini juu yake

Hapa ndipo muda unapoishia, na usiharakishe. Lowanisha pamba kwa spiriti, sugua kwa nguvu sehemu iliyojificha. Pamba ikichukua rangi na mbao zikaanza kunata, hiyo ni rangi ya maji. Isipotoka kitu, kwa sehemu kubwa ni rangi ya mafuta. Kama nyuzi za mbao zinaonekana, ni vanishi au NC (laka ya nitroselulosi, inayokauka haraka): dondoshea tone la tina (thinner). NC italainika na kunata, vanishi ya mafuta itakunjamana au kubaki ilivyo.

Kwa nini usumbufu wote huu? Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa haishiki, utaikwangua kwa ukucha. Mpaka uue mng'ao kwa msasa namba 120 na kuweka praima (rangi ya msingi ya kushikia) kwanza. NC juu ya rangi ya mafuta ni balaa zaidi: tina iliyomo inapenya chini, na rangi yote inajikunja kama utando wa maziwa. Ikifika hapo hakuna dawa, ni kukwangua hadi kwenye mbao. Fundi anayekuja na mashine ya kupulizia muulize kwanza anapulizia nini. Akikujibu "rangi tu", mwambie asubiri.

Rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji iliyoshika vizuri haina shida, ukipiga msasa. Makabati ya bodi yenye ngozi ya plastiki ni kesi nyingine. Yanataka praima maalumu ya kushikia sehemu laini. Kama duka halina, mimi huwa nashauri mtu asipake kabisa, abadilishe vitasa tu.

Tahadhari moja: rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Tumia msasa wa maji ili vumbi lisiruke, watoto wawe mbali, na usifagie, futa kwa kitambaa kibichi.

Hatua ya 3: Mafuta ya jikoni

Nyumba inayokaanga sato na dagaa kila wiki, kabati lina tabaka la mafuta ambalo macho hayalioni, hasa kuzunguka vitasa. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, kisha futa kwa tapentaini. Osha KABLA ya msasa. Ukianza na msasa unayasugulia mafuta ndani ya mbao.

Hatua ya 4: Sasa chagua

Milango ya jikoni: rangi ya mafuta, mng'ao wa kati. Mng'ao mkali unaonyesha kila shimo la msumari, na isiyong'aa haifutiki vizuri. Ndani ya kabati, kama unataka nyeupe, tumia ya maji ya akriliki, kwa sababu nyeupe ya mafuta ikikaa gizani hugeuka njano. Kadi ya rangi ipeleke nyumbani uiangalie mchana na usiku chini ya taa yako, taa za dukani zinadanganya.

Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Milango kumi ya sentimita 45 kwa 70, pande zote mbili, ni kama mita 6.3, mikono miwili ni 12.6, kwa hiyo lita moja haitoshi. Kama rangi inachanganywa kwa mashine, nunua yote siku moja na utunze namba yake.

Hatua ya 5: Siku ya kupaka

Anza asubuhi, si jioni. Sisi wa kandokando ya ziwa tunawajua wale vijidudu: usiku vinafuata taa, na mlango mbichi ukiwa chini ya balbu utaamka umeota manyoya. Ukianza mapema, jioni rangi inakuwa imekauka kwa kugusa. Hata hivyo zima taa ya chumba hicho. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, rangi ya mafuta inachelewa sana kukauka, usipake mkono wa pili kwa kuangalia saa. Gusa kwanza. Kati ya mikono piga msasa namba 220 taratibu.

Brashi nunua nzuri. Zile za bei poa zinaacha nywele.

Milango ikishakauka usiifunge siku hiyohiyo. Rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa kukomaa, na mlango uliofungwa mapema unagandana na fremu. Ukiuvuta, unaondoka na kipande.