Mtori wa nyama na siagi kambini Horombo

Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, upikwe usiku wa pili. Mandara, kambi ya kwanza, watu bado wana chakula cha mjini tumboni. Kibo, kambi ya mwisho, mita 4,720, hamu ya kula huwa imekata na safari ya kilele inaanza usiku wa manane, kwa hiyo mafuta mengi yatawasumbua tu. Horombo, kambi ya katikati, mita 3,720, njaa ni ya kweli, baridi ni ya kweli, na mtori unamezeka hata kwa mtu asiyetaka kutafuna.

Kazi kubwa imalizwe Moshi. Kwenye mita hizo 3,720 maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100, kwa hiyo nyama mbichi itakula gesi saa nyingi na bado itavutika mdomoni. Kwa watu sita, chukua kilo 1.5 za mbavu na kidari cha ng'ombe. Chemsha na tangawizi na kijiko cha chai cha chumvi mpaka mfupa utoke wenyewe ukiuvuta, kama saa mbili. Toa mifupa, maana ni uzito wa bure na mzigo wa mpagazi una mwisho wa kilo 20. Bakiza supu lita moja na nusu. Ikipoa tu, isilale nje: weka nyama na supu kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, gandisha kwenye friza mpaka iwe jiwe, kisha izungushie magazeti mengi na uifungie katikati ya nguo nzito.

Jioni ya kwanza, Mandara, fungua uangalie. Barafu ikiwa bado ipo katikati, funga. Ikiwa yote imeyeyuka, ichemshe hapo hapo na mtori uliwe usiku huo. Usibahatishe, kwani kuharisha mlimani kunamrudisha mtu nyumbani.

Ndizi ni za aina ya mshare, vidole 20, kijani na ngumu. Kagua kimoja kimoja, kwa sababu kidole kimoja kilichoanza kuiva kinatia utamu sufuria nzima. Beba na maganda, umenye kambini, maana ukimenya mjini zinafika nyeusi. Paka mikono mafuta kwanza, utomvu usikugande, na kila unachomenya kitumbukize kwenye maji yenye chumvi. Maganda yanashuka na takataka nyingine.

Kuni haziruhusiwi kuwashwa hifadhini, unapika kwa gesi. Mtungi usikae juu ya ardhi yenye baridi, uweke juu ya ubao. Moto ukififia na mtungi ukaanza kufanya ukungu kwa nje, gesi imepoa. Badilisha mtungi au punguza moto, wala usiupashe kwa moto mwingine. Kinga upepo kwa mawe upande mmoja tu, na ukipikia kwenye hema acha mlango wazi, kwani moshi wa gesi una sumu isiyo na harufu.

Tumia presha kuka ya lita 7. Kaanga vitunguu viwili kwa vijiko viwili vya mafuta, weka nyanya tatu mpaka zipondeke, kisha ndizi zilizokatwa vipande na supu. Isizidi nusu ya sufuria: wanga wa ndizi hutoa povu na povu huziba tundu la mvuke. Ikianza kupiga mluzi, punguza moto, hesabu dakika 15, zima, ngoja presha ishuke yenyewe. Kwa sufuria ya kawaida ni dakika 45 au zaidi, na mfuniko uwekewe jiwe.

Ponda kwa mwiko ukiwa umeepua. Rudisha kwenye moto mdogo kabisa, tia nyama iliyochambuliwa, na usiache kukoroga mpaka itokote dakika kumi, maana wanga unatua chini na kuungua haraka. Ukisikia harufu ya kuungua usikwangue: mimina wa juu kwenye sufuria nyingine, ulioshika chini uuache. Mtori huzidi kuwa mzito ukisimama, kwa hiyo weka pembeni nusu lita ya maji moto ya kulegezea.

Siagi gramu 150 na maziwa ya unga vijiko sita vya chakula, yaliyokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu, vinaingia mwisho, moto umezimwa. Maziwa yakichemka na nyanya hukatika. Chumvi onja sasa, si mapema, kwa sababu supu ilishakuwa nayo.

Hotpoti na bakuli ziwe zimejazwa maji ya moto dakika tano kabla ya kupakua. Hili wengi hulipuuza, kumbe ndilo linaloharibu mlo: mafuta ya ng'ombe kwenye bakuli la baridi huganda na kunata kwenye midomo kabla mtu hajafika nusu. Pakua kidogo kidogo, mara mbili au tatu, na pilipili iwe pembeni.

Sufuria ioshwe papo hapo kwa maji yale ya kupashia bakuli. Asubuhi mtori uliokauka hautoki bila kuloweka, na maji ya kulowekea yatakuwa yameganda.