Somo: Kutunza mpira wa mkojo wa kichanga wodini

Habari za zamu, wauguzi wenzangu wa Mtwara na Lindi. Leo tunaangalia mpira, yaani mrija wa kutoa mkojo kibofuni, ambao umeshaingia.

Hatua ya 1. Nawa mikono kabla na baada, hata ukigusa mfuko tu. Kila asubuhi mkumbushe daktari: mpira bado una kazi? Kadiri unavyokaa ndivyo maambukizi yanavyokaribia.

Hatua ya 2. Kagua ulipobandikwa. Hapa ndipo tunapoumiza watoto. Kwa kichanga, sentimita moja yatosha kuutoa mpira kibofuni. Andika alama ya sentimita iliyo mlangoni mwa njia ya mkojo, uilinganishe kila zamu. Mpira wa kulishia namba 5, ukitumika kama mpira wa mkojo, hauna puto la kuushikilia kibofuni. Ukizama kupita kiasi unaweza kujifunga fundo ndani ya kibofu. Msichana bandika pajani, mvulana chini ya kitovu, uachie ulegevu kidogo maana miguu hairushwi polepole. Joto letu la pwani hubandua plasta kwa jasho, kwa hiyo kausha ngozi kwanza. Kwa njiti, lowanisha plasta kabla ya kuibandua, ngozi huchunika.

Hatua ya 3. Safisha kila siku na kila akijisaidia, kutoka mbele kwenda nyuma. Govi la mvulana usilivute kwa nguvu.

Hatua ya 4. Mfuko ukae chini ya kibofu, usiguse sakafu, na usitenganishe viungio.

Hatua ya 5. Pima. Mfuko wa mtu mzima hausomi mililita 3, hivyo vuta mkojo wa mfukoni kwa bomba la sindano. Baada ya siku ya kwanza, mtoto wa kilo 2.5 atoe angalau mililita 15 kwa saa 6, yaani mililita 1 kwa kilo kwa saa. Ukipungua, tazama kwanza kama mpira umekunjika, kisha mwite daktari.

MASWALI

Mwalimu, shikamoo. Mkojo unavuja pembeni, niweke mpira mnene zaidi?
Marahaba. Hapana, utamjeruhi. Angalia kama umeziba au umekunjika.

Huku Newala maji ni ya shida, naweza kutumia spiriti?
Usitumie, inaunguza. Kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, na pamba, vinatosha.

Puto la mpira wa mkojo namba 6 nijaze nini?
Maji safi ya sindano, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mpira, mara nyingi mililita 1.5. Maji ya chumvi huganda na kuziba njia, puto likagoma kutoa maji siku ya kuuondoa.

Mpira ukishatoka, mkojo nitaupimaje?
Pima nepi kavu, kisha mbichi. Gramu 1 iliyoongezeka ni mililita 1.